Mbwa wa Chrysippus kwenye njia panda

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari na nasimamia klabu ya mdahalo. Mada yetu muhula huu ni kama binadamu ana wajibu wa haki kwa wanyama. Msemaji wa upande unaounga mkono amesema mwanafalsafa Mgiriki, Chrysippus, alithibitisha kuwa mbwa anajua mantiki. Wa upande unaopinga akamjibu kwamba Aristotle alisema wanyama hawana akili, kwa hiyo hakuna cha haki hapo. Yupi yuko sahihi? Na hoja hizi wazitumieje wasije wakaumbuka mbele ya majaji?

Jibu: Mwalimu, wote wawili wameshika mkia wakadhani wamemshika mnyama mzima. Chrysippus kweli alimtaja mbwa huyo, ila yeye mwenyewe alikuwa upande wa kupinga. Naye Aristotle hakusema wanyama hawana akili. Alisema hawana *logos*, yaani usemi wenye kutoa hoja na sababu, na kati ya maneno hayo mawili tembo anapita bila kugusa ukuta.

Tuanze na mbwa. Chrysippus aliongoza shule ya Wastoiko mjini Athens katika karne ya 3 KK. Ndio hao Wastoiko wanaotajwa pamoja na Waepikureo katika Matendo ya Mitume 17:18. Maandishi yake yenye mfano huo yamepotea. Tunaupata kwa Sextus Empiricus, aliyeandika karne kadhaa baadaye. Mbwa anamfukuza windo hadi mahali njia inapogawanyika mara tatu. Ananusa njia ya kwanza, hakuna harufu. Ananusa ya pili, hakuna. Ya tatu haangaiki kuinusa, anatimua mbio humo moja kwa moja. Chrysippus alikuwa na orodha ya hoja tano za msingi zisizohitaji kuthibitishwa, na alichofanya mbwa kinalingana na ya 5: ama A au B au C, si A wala si B, basi ni C.

Uzito wote wa mfano umelala kwenye kule *kutonusa*. Mbwa angenusa na njia ya tatu ndipo aende, pua peke yake ingetosha kueleza kila kitu. Mwanafunzi akisimulia kisa hiki akasahau kipengele hicho, hana hoja tena, ana hadithi ya mbwa anayekimbia.

Wastoiko, hata hivyo, hawakumpa mbwa cheti cha mantiki. Kwao tendo la binadamu hupita hatua tatu: taswira inamjia, anaikubali au kuikataa, ndipo anapata msukumo wa kutenda. Umeona chapati kwenye sahani ya mwenzio. Taswira inakuambia ni tamu, ichukue. Unao uwezo wa kuikatalia. Mnyama ana taswira na ana msukumo, ile hatua ya katikati hana. Tena taswira ya mtu mzima huja ikiwa na umbo la sentensi, kitu kinachoweza kuwa kweli au uongo, na ya mnyama haiji hivyo. Kwa hiyo mbwa anatenda *kana kwamba* amejenga hoja, simba yuko *kana kwamba* ana hasira, paa *kana kwamba* anaogopa. Kasuku na kunguru wanaotamka maneno je? Waligawa logos mafungu mawili, ya mdomoni na ya ndani, wakasema ndege ana ya mdomoni tu. Kuhusu thamani ya mnyama Chrysippus hakumung'unya maneno: nguruwe amepewa roho mahali pa chumvi, ili asioze. Huyo ndiye shahidi ambaye mwanafunzi wako amemwita kuwatetea wanyama.

Jibu kali la ile "kana kwamba" alilitoa Plutarch, mwandishi Mgiriki mzaliwa wa Chaeronea, katika mazungumzo yake kuhusu kama wenye akili zaidi ni wanyama wa nchi kavu au wa majini. Akauliza: wanaosema mnyama haogopi ila kana kwamba anaogopa, watamjibu nini atakayesema mnyama haoni ila kana kwamba anaona, wala haishi ila kana kwamba anaishi? Neno likishaweza kufuta kila kitu, halijaeleza chochote.

Lakini ona ajabu hii. Katika mazungumzo hayohayo, msemaji wa wanyama wa nchi kavu anafika kwenye kisa cha mbwa wa njia panda na kukitupa! Anasema mbwa hahitaji ushahidi wa bandia wa namna hiyo: ni hisi yake, kwa nyayo na harufu, inayomwonyesha windo limekwenda wapi. Yaani mfano umeletwa na asiyewatetea wanyama, ukakataliwa na anayewatetea. Kwa maoni yangu aliyeukataa aliona mbali. Kesi ya wanyama ikitundikwa kwenye mfano mmoja wa ustadi, siku pua itakapoeleza mfano huo kesi nzima inaanguka.

Na pua inaweza kuueleza kweli. Ndiyo maana watafiti wa leo hujaribu jambo hilohilo kwa vikombe. Toleo jepesi lina vikombe viwili: chakula kimefichwa katika kimoja, mnyama anaonyeshwa kuwa kimoja ni kitupu, tuone kama atakwenda kwenye cha pili. Wanyama wengi wanaweza, ila ushindi huo una tundu, kwa sababu anayekwepa tu kikombe kitupu anapata jibu lilelile bila kuwaza "basi". Dawa yake ni vikombe vinne, jozi mbili, kila jozi ikiwa na chakula kimoja. Ukionyesha kikombe kitupu katika jozi ya kwanza, mwenzake sasa ana chakula kwa hakika, na vile viwili vingine vimebaki nusu kwa nusu. Anayekwepa kitupu tu atachagua ovyo kati ya vitatu. Anayewaza "basi" atakwenda kwa yule mwenzake. Kasuku mmoja wa kijivu aitwaye Griffin, wa jamii ya wale wanaotoka misitu ya Kongo, alipewa mtihani huo nchini Marekani, na matokeo yalichapishwa mwaka 2019: alifanya vizuri. Msemaji akitaka mnyama wa njia panda, amwache mbwa amchukue kasuku. Inapendeza kwamba ni ndege yuleyule ambaye Wastoiko walimpa logos ya mdomoni tu.

Sasa tuje kwa Aristotle, na tuanzie kwenye neno, kwa kuwa Kiswahili kinatutega hapa. Logos ni usemi, ni hoja, ni sababu, ni uwezo wa kueleza kwa nini. Mnyama kwa Kigiriki cha falsafa aliitwa *alogon*, asiye na logos. (Katika Kigiriki cha leo neno hilo limeishia kuwa jina la farasi.) Sisi tukisema "hana akili" tunamaanisha mpumbavu, au kichaa. Tunalo pia neno "hayawani" tunalomrushia mtu mjinga, ilhali kwa Kiarabu ni kiumbe hai tu, kiasi kwamba wanamantiki wa Kiarabu walipompokea Aristotle walimwita binadamu mwenyewe *hayawan natiq*, kiumbe hai mwenye kunena. Na sarufi yetu kwa upande mwingine inawaweka mbwa na mtoto katika ngeli moja: wote wawili *amekuja*, *amelala*. Plato aliigusa hatari ya kugawa viumbe kwa majina: korongo akipewa akili, alisema, atagawa viumbe mafungu mawili, korongo na wengineo, na sisi tutakuwa kwenye "wengineo".

Aristotle, basi, aliwapa wanyama mengi. Wote wana hisi, wengi wana taswira na kumbukumbu, baadhi hujifunza. Katika uchunguzi wake wa wanyama anasema wengi wao wana alama za upole na ukali, ushujaa na woga, hata kitu kinachofanana na ufahamu, na kwamba tofauti nyingine kati yao na sisi ni za kiasi tu. Anamlinganisha mnyama na mtoto mdogo, ambaye ndani yake mbegu za tabia za baadaye zinaonekana ingawa kwa wakati huo roho yake haitofautiani sana na ya mnyama. Mtazame anavyomweleza mbayuwayu akijenga kiota. Anachanganya matope na majani makavu kama fundi wa nyumba ya udongo. Tope likikosekana anajilowanisha, anagaagaa vumbini kwa manyoya yake, na hilo ndilo tope. Wazazi wote wawili hulisha makinda, na makinda wakikua kidogo hufundishwa kugeuka ili kinyesi kiangukie nje. Anayeandika hivyo hajadharau alichokiona.

Ila katika kitabu chake cha *Fizikia* anasema buibui, sisimizi na wengineo hawafanyi kazi kwa ufundi, wala kwa kuchunguza, wala kwa kushauriana; wanafanya kwa maumbile. Na katika *Siasa* anasema mnyama ana sauti ya kuonyesha raha na maumivu, lakini usemi wa kueleza jema na baya, haki na dhuluma, ni wa binadamu peke yake. Humohumo ndimo anaposema mimea ipo kwa ajili ya wanyama, na wanyama kwa ajili ya binadamu, kwa chakula, mavazi na zana.

Msemaji wa upande wa kupinga ajihadhari na mahali pamoja. Katika kitabu cha maadili, pale Aristotle anapokana kwamba kuna haki kati ya mtu na farasi au ng'ombe, sentensi hiyohiyo inaendelea: wala kati ya bwana na mtumwa, kwa kadiri alivyo mtumwa, kwa kuwa mtumwa ni chombo chenye uhai. Akisoma nusu ya sentensi jukwaani, mpinzani aliyejiandaa atasoma nusu iliyobaki, na ukumbi utakuwa wake.

Hapo ndipo pa kuonyesha mnyororo wenyewe. Una pete mbili na hitimisho. Pete ya kwanza: wanyama hawana logos. Ya pili: haki iko tu kati ya wenye kushiriki logos. Hitimisho: hakuna dhuluma kwa mnyama. Wanafunzi wengi humaliza dakika zao zote wakigombania pete ya kwanza, visa vya mbwa kwa visa vya punda, bila kukumbuka kwamba ya pili nayo inakatika.

Waepikureo, wafuasi wa mwanafalsafa Epicurus, walikuwa na pete ya pili ya aina nyingine. Yeye alisema haki ni mapatano ya kutodhuru na kutodhuriwa, na viumbe wasioweza kuingia mapatano hayo hawana haki wala dhuluma. Hermarchus, aliyemrithi, akaongeza hesabu ya vitendo: hata wanyama tunaowahitaji, wakiachwa wazaliane bila kikomo, wangetugeukia kuwa madhara. Upande wa kupinga unaweza kutumia hili, nami naliona lina nguvu kuliko la Wastoiko kwa sababu halihitaji kujua kilichomo ndani ya kichwa cha mbwa. Bei yake ni kwamba kauli hiyohiyo ya Epicurus inayataja pia mataifa yasiyoweza au yasiyotaka kupatana. Na mtoto mchanga je, ametia saini wapi?

Plutarch ndiye bingwa wa kukata pete ya kwanza, na hoja yake bora haina hadithi. Kitu huweza kuharibika pale tu kilipo. Jiwe halipofuki, kwa kuwa halikuumbwa kuona. Mbwa hupata kichaa; tunamwona hamtambui bwana wake, anang'ata asichokuwa aking'ata. Kama hana ufahamu wowote, ni nini kilichovurugika? Anaongeza kwamba logos dhaifu si sawa na kukosa logos, kama macho mabovu yasivyo sawa na kukosa macho. Wanyama wanazidiana akili wao kwa wao, na sifuri haina kubwa na ndogo.

Kisa chake kimoja kinafaa kusimuliwa. Kinyozi wa Roma, mwenye duka mkabala na mahali palipoitwa Soko la Wagiriki, alikuwa na ndege wa jamii ya kunguru aliyeiga maneno ya watu, milio ya wanyama na sauti za ala, bila kulazimishwa na mtu. Siku moja msiba wa tajiri ukapita na matarumbeta mengi, yakasimama pale na kupigwa kwa muda mrefu. Tangu hapo ndege akawa bubu, hata mlio wake wa kuomba hakuutoa. Watu wakasema amelishwa sumu na washindani. Wengine wakasema tarumbeta zimemziba masikio. Kisha ghafla akatoa wimbo mzima wa tarumbeta, na vituo vyake na mageuzi yake yote, na kati ya miigo yake ya zamani hakuna hata mmoja uliosikika. Kwa Plutarch kile kimya kilikuwa mazoezi ya ndani. Msemaji akikitumia aseme "Plutarch anasimulia", asiseme "imethibitishwa": mazungumzo hayo ni ghala, lina nafaka na lina pumba.

Pete ya pili ilikatwa na mtu wa nyumbani kwa Aristotle mwenyewe: Theophrastus, mwanafunzi wake na mrithi wa shule yake. Maneno yake yamehifadhiwa ndani ya kitabu cha mwanafalsafa Porphyry cha karne ya 3 BK kuhusu kujiepusha na nyama. Watu huitana ndugu kwa sababu wana babu mmoja, au wamelelewa pamoja na kushiriki desturi. Wanyama nao, anasema, wanafanana nasi katika chanzo cha mwili, ngozi na nyama na majimaji yake, na zaidi katika tamaa, hasira, hata fikra, na kuliko yote katika hisi. Basi ni jamaa zetu. Kuhusu kafara aliuliza swali la mwenye duka: unatoaje zawadi kitu ulichomnyang'anya mwingine? Tunda huanguka lenyewe hata usipolichuma, uhai hauanguki. Asali aliiruhusu, kwa sababu mfugaji naye ameweka jasho lake kwenye mzinga, hivyo ni mali ya pamoja.

Porphyry anamalizia kukata. Kuulinganisha mmea na mnyama ni kulazimisha mambo, kwa sababu mnyama kwa asili yake huumia na huogopa, hudhuriwa, na kwa hiyo anaweza kudhulumiwa. Tena, anasema, wako watu wengi wanaoishi kwa hisi tu bila kutumia logos, na bado tunakubali kuwa kuna haki kwao. Hapa mbwa hahitaji kufaulu mtihani wowote wa njia panda. Ningekuwa nachagua hoja moja kwa upande wa kuunga mkono, ni hii.

Mitego iliyobaki ni midogo. Pythagoras hutajwa kama baba wa wala mboga, lakini hoja inayohusishwa naye ni ya roho kuhama kutoka mwili hadi mwili. Xenophanes alimtania kwamba alimzuia mtu kumpiga mtoto wa mbwa kwa kuwa ameitambua sauti ya rafiki yake. Ukimhurumia mbwa kwa sababu ndani yake yumo rafiki yako, umemhurumia rafiki. Porphyry naye hakuwaandikia watu wote: anasema wazi hasemi na wanariadha, askari, mabaharia wala wasemaji wa mahakamani, anasema na anayetafuta falsafa. Na ndani ya yale mazungumzo ya Plutarch kuwatumia wanyama hakukatazwi. Anayeua mnyama mkali na kumfuga mpole akamtumia kwa kazi inayomfaa hajamdhulumu, na maisha hayatakwama watu wakikosa sahani za samaki na maini ya bata bukini. Kinachokatazwa ni ukatili wa kujifurahisha, na hapo anamnukuu mwanafalsafa Bion: watoto huwarushia vyura mawe kwa mchezo, ila vyura hawafi kwa mchezo.

Kwa wanafunzi wako, basi, ningeandika hivi kwenye kadi. Wa kuunga mkono: "Chrysippus, aliyewanyima wanyama logos, alikiri kuwa mbwa hutenda sawasawa na anayefuata hoja, nami sihitaji hata hilo, kwa sababu Porphyry alionyesha kuwa anayeumia anaweza kudhulumiwa." Wa kupinga: "Aristotle aliwapa wanyama hisi, kumbukumbu na hata kitu kama ufahamu, alichowanyima ni usemi wa haki na dhuluma, na haki ni ya wanaoweza kuizungumza." Huyu wa pili awe na jibu la mtoto mchanga mfukoni kabla hajapanda jukwaani, kwa sababu litaulizwa.